Msamaha wa Kodi na Kazi ya Utafiti

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kiwanjani, Isiolo



Halmashauri imenitaka nieleze jambo ambalo katika mkutano uliopita lilizungumzwa kwa urefu bila kukatwa shauri. Jambo lenyewe ni hili: kikundi chetu kidogo cha utafiti, je, chafaa kuomba msamaha wa kodi ya mapato? Na kama chafaa, kiombe kwa njia gani, na kwa bei gani? Nimetaja bei kwa makusudi, kwani wengi wetu hudhani ya kuwa msamaha ni kitu cha bure. Nataraji kabla sijaketi mtakuwa mmeona ya kwamba una bei yake, na ya kuwa bei hiyo si fedha.

Wazee wangu, hapa Isiolo habari ya kodi si habari ngeni. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa katika nchi hii mwaka 1901, na baadaye ikafuatwa na kodi ya kichwa. Mwaka 1936 ikatungwa sheria ya kodi ya kichwa kwa watu ambao Serikali ya wakati ule haikuwahesabu kuwa wenyeji, nayo ikawapanga kwa mafungu: Mzungu alipe shilingi 40, Mwasia shilingi 30, na wengineo shilingi 20. Jamaa wa Isahakia, ambao wengi wao walikuwa askari wastaafu na watoto wao, waliokwisha kuketishwa hapa Isiolo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walitiwa katika fungu la shilingi 20. Walifanya nini? Walikataa. Hawakukataa kwa kuwa shilingi 20 ni nyingi. Walidai walipe 30! Waliandika maombi mpaka London wakitaka kutozwa zaidi, kwa sababu waliona ya kuwa fungu la kodi ndilo lililoamua mtu ataitwa nani mbele ya Serikali na atapata haki zipi.

Sisemi kama madai yale yalikuwa ya haki au la. Mafungu yale ya rangi yalikuwa dhuluma tangu asili yake, na yamekwisha. Nayaleta kwa ajili ya fundisho moja tu. Wazee wale walijua ya kuwa mbele ya mtoza kodi, swali la kwanza si “Utalipa kiasi gani?” bali ni “Wewe ni nani?” Na hilo ndilo swali tutakaloulizwa sisi tukienda kuomba msamaha.

Basi na tuitazame sheria. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya ni Sura ya 470, nayo imetumika tangu tarehe 1 Januari 1974. Katika Jedwali lake la Kwanza, aya ya 10, husemwa ya kuwa husamehewa kodi mapato ya taasisi, kundi la watu, au amana isiyobatilishwa, ikiwa ni ya umma kwa tabia yake, na ikiwa imeanzishwa kwa makusudi haya peke yake: kuwaondolea watu umaskini au dhiki, au kuendeleza dini, au kuendeleza elimu. Yapasa pia taasisi hiyo iwe imeanzishwa Kenya, au makao yake makuu ya eneo hili yawe Kenya, na Kamishna aridhike ya kuwa mapato hayo yatatumika kwa faida ya wakaao Kenya.

Nawaomba mshike maneno mawili katika aya hiyo. La kwanza ni “ya umma”. La pili ni “peke yake”. Maneno haya mawili ndiyo mlango, na ndiyo kizuizi pia.

Chama chetu hiki ni chama cha ustawi. Mwanachama akifiwa, twachanga, akiugua, twamsaidia, mtoto wake akifaulu mtihani naye hana karo, twatafuta njia. Hii ni kazi njema, na hakuna aibu ndani yake. Lakini mwenye kunufaika ni nani? Ni sisi wenyewe wenye kutoa ada. Mkono wa kulia wapokea kilichotolewa na mkono wa kushoto. Sheria hailaumu jambo hili, ila hailiiti kuwa ni la umma. Kwa hiyo wale waliosema mwaka jana ya kwamba chama chote kiombe msamaha kwa jina la kikundi cha utafiti, walikuwa wakitaka ngamia apite katika tundu la sindano. Katiba yetu ina makusudi mengi, na mengi kati ya hayo ni ya wanachama. Neno “peke yake” latufungia mlango.

Sasa tukitazame kikundi cha utafiti chenyewe. Mnajua kazi yake. Vijana wetu wachache huandika maneno ya wazee juu ya visima, malisho na miaka ya ukame. Huandika jinsi dedha, baraza la wazee wa malisho kwa desturi ya Waborana wa Waso, lilivyopanga nchi: malisho ya masika, malisho ya kiangazi, na malisho ya akiba yasiyoguswa mpaka dhiki izidi. Huandika pia yaliyowapata watu wetu katika miaka ya vita vya shifta, 1963 hadi 1967, mifugo ilipoangamia na watu kuwekwa kambini. Mambo haya mengi hayamo katika kitabu cha shule. Yamo vifuani mwa wazee, na kila mwaka twazika baadhi ya vifua hivyo hapa Isiolo.

Kazi hii ina manufaa, nani atakana? Kuanzia mvua za vuli za 2020 hadi za vuli za 2022, misimu mitano mfululizo mvua zilipunguka katika nchi zetu za kaskazini, na kila nyumba ya mfugaji ilijua uchungu wake. Kujua wazee waliuvukaje ukame wa zamani si hadithi ya kupitisha jioni. Ni akiba, kama malisho yale ya akiba.

Lakini tazameni tena aya ya 10. Yataja umaskini na dhiki, yataja dini, yataja elimu. Utafiti haukutajwa. Hivyo mtafiti hana budi kuingia kwa mlango wa elimu, au kwa mlango wa kuondoa dhiki, na aonyeshe ya kuwa ameingia kwa haki.

Jambo hili limewasumbua watu wakubwa kuliko sisi. Lugha ya sheria yetu ina asili yake Uingereza, ambako tangu sheria ya mwaka 1601 waamuzi wamekuwa wakipima ni kazi ipi iitwe sadaka kwa umma. Mwaka 1891 Mahakama yao ya juu, katika shauri la Pemsel, iliyataja mafungu manne: kuondoa umaskini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, na makusudi mengineyo yenye manufaa kwa jamii. Ninyi wenyewe mwaona ya kuwa aya yetu imeyataja waziwazi matatu ya kwanza.

Sasa sikilizeni mashauri mawili. Bernard Shaw, mtunzi wa michezo ya kuigiza, alifariki mwaka 1950 akiacha wasia ya kuwa mali yake itumike kutafiti alfabeti mpya ya Kiingereza yenye herufi zisizopungua 40. Mwaka 1957 Jaji Harman alikataa kuuita utafiti huo sadaka ya elimu. Sababu yake ilikuwa ya kuwa kuongeza maarifa peke yake hakutoshi. Lazima pawe na kufundisha. Kisha mwaka 1964 likaja shauri la Hopkins. Bibi mmoja aliacha mali kwa chama kilichotafuta maandiko ya kuthibitisha ya kwamba tamthilia za Shakespeare ziliandikwa na Francis Bacon. Huenda mkacheka, na wengi walicheka. Lakini Jaji Wilberforce aliukubali utafiti huo kuwa ni wa elimu. Alisema, kwa maana yake, ya kuwa utafiti huhesabiwa kuwa elimu ikiwa wamfaidia mtafiti mwenyewe kielimu, au ikiwa matunda yake yataingia katika ghala la mafunzo, au yataongeza maarifa yawezayo kupashwa watu wengine.

Mahakama zetu hazifungwi na hukumu hizo. Hata hivyo zina busara ambayo mzee yeyote wa baraza angeifikia mwenyewe. Maarifa yaliyofungiwa sandukuni si elimu. Maarifa huwa elimu siku yanapomfikia mtu mwingine.

Hapa ndipo nataka kusema jambo lililo moyoni mwangu. Watafiti wengi wamefika katika nchi hii yetu. Wameketi chini ya miti yetu, wamekunywa chai na maziwa yetu, wameuliza maswali yao kwa adabu, na wameondoka. Wengine walirudi na kitabu. Wengi hatukuwaona tena. Mzee mmoja aliniambia, “Mwanangu, nimeulizwa habari za kisima kile kile mara nne, na bado mjukuu wangu hajui ni nani aliyekichimba.” Sasa nauliza: sisi na kikundi chetu tu bora kuliko hao? Daftari za vijana wetu ziko wapi? Zimo kabatini, na ufunguo wa kabati uko kwa Katibu. Ni shule gani ya Isiolo imepata nakala? Bwana Kamishna akituuliza leo, “Nani amesoma kazi yenu?” tutajibu nini?

Kwa hiyo, kabla ya kuomba msamaha kwa Serikali, tuna deni kwa wazee waliotupa maneno yao. Tukilipa deni hilo, yaani tukichapa, tukisoma shuleni, tukiweka nakala mahali ambapo mtu yeyote aweza kuingia na kusoma, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, basi sehemu kubwa ya hoja yetu mbele ya Kamishna itakuwa imekwisha kuandikwa.

Nije sasa kwenye bei niliyoitaja. Ikiwa chama chetu hakiwezi kuomba, basi kikundi cha utafiti lazima kitengwe, kiwe na katiba yake au hati yake ya amana, wadhamini wake, namba yake ya kodi, benki yake na daftari zake. Na katika hati hiyo yapasa iandikwe ya kuwa mali yake haitagawanywa kwa mwanachama yeyote wala mdhamini yeyote. Na siku kikundi kikifa, kitakachobaki kitakwenda kwa taasisi nyingine yenye makusudi kama hayo. Hakitarudi kwetu.

Ndugu zangu Waislamu walifahamu neno hili mara moja, kwani ni jamaa na wakfu. Mtu akiweka kisima wakfu, hawezi kesho kusema, “Nimebadili nia, nipeni kisima changu.” Na ndugu zangu Wakristo wajua ya kuwa kilichotiwa katika sahani ya sadaka hakirudi mfukoni. Hiyo ndiyo bei, wazee wangu. Msamaha wa kodi hununuliwa kwa kuachilia.

Ni haki niseme wazi msamaha huo wafaa nini na haufai nini, ili asiwepo wa kusema baadaye alidanganywa.

Kwanza, faida yake. Kodi ya mapato ya kampuni zilizosajiliwa nchini ni asilimia 30. Tuchukue mfano wa shilingi 200,000 zenye kutozwa kodi kwa kiwango hicho: shilingi 60,000 zitaondoka. Kwa taasisi kubwa hilo ni jambo dogo. Kwa kikundi kama chetu huenda ikawa ndiyo gharama ya kuchapa kitabu. Tena mtu au kampuni ikitoa msaada wa fedha kwa taasisi yenye msamaha huu, sheria yamruhusu mtoaji, kwa masharti yake, kuutoa msaada huo katika hesabu ya mapato yake yatozwayo kodi. Kwa hiyo cheti chetu chaweza kumvuta mfadhili aliyekuwa akisitasita.

Pili, habari ya biashara. Kikundi kikifanya biashara, faida yake haisamehewi ila itumike yote kwa makusudi yale yale, na zaidi ya hayo litimie moja kati ya mambo matatu: biashara iwe ni sehemu ya kutekeleza makusudi yenyewe, kama kuuza vitabu vya utafiti wetu, au kazi yake ifanywe hasa na wale wanaokusudiwa kunufaika, au faida hiyo iwe ni pango la ardhi au nyumba. Hivyo chumba kimoja cha kupangisha hapa Kiwanjani chaweza kukilisha kikundi kihalali. Lakini duka la kuuza sukari na unga, ambalo baadhi yenu mlilipendekeza, halitapita kwa urahisi.

Tatu, mipaka yake. Msamaha huu ni wa kodi ya mapato ya kikundi. Hauwasamehi wafanyakazi: tukimlipa kijana mshahara unaofikia kiwango cha kutozwa, yatupasa kumkata kodi yake na kuipeleka. Hautuondolei kodi ya ongezeko la thamani tununuapo karatasi dukani. Wala hautuondolei wajibu wa kupeleka taarifa ya mapato kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya kila mwaka. Aliyesamehewa kulipa hakusamehewa kueleza.

Nne, muda wake. Cheti hudumu miaka 5, kisha huombwa upya, na Kamishna aweza kukifuta kwa sababu ya haki. Kwa upande wake, sheria yamtaka atoe cheti katika siku 60 mwombaji anapokuwa ametimiza masharti yote. Neno “yote” ndilo zito: hati ya usajili, katiba, hesabu zilizokaguliwa, na maelezo ya kazi iliyofanyika. Yafaa pia mjue ya kuwa mwaka 2024 zilitolewa kanuni mpya za misamaha ya taasisi za hisani, na ya kuwa tarehe 14 Mei 2024 ilianza kutumika Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, badala ya ile ya mashirika yasiyo ya serikali ya mwaka 1990. Kwa hiyo tusitegemee fomu za zamani zilizolala kabatini. Zaidi ya hayo, utafiti wenyewe wahitaji kibali cha NACOSTI, na msamaha wa kodi haushiki nafasi yake.

Yamebaki maswali mawili niliyoulizwa na wazee, na kwa heshima yao nitayajibu hapa.

Swali la kwanza: “Hatujaulizwa kodi na mtu. Kwa nini tujipeleke wenyewe? Mashirika makubwa ya utafiti huko Nairobi huishi vizuri bila kwenda kupiga foleni.” Mzee wangu, mashirika ya kimataifa kama ILRI yana mikataba yao na Serikali, na misamaha yao hutokana na hiyo. Kikundi kidogo hakina mkataba. Kina aya ya 10 tu. Na kunyamaza si msamaha. Anayenyamaza huishi kwa bahati, na siku bahati itakapokwisha ataulizwa habari za miaka iliyopita, naye hana daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi. Mzee aliuliza, “Tukisamehewa sisi, barabara na hospitali zitajengwa na nani?” Swali hili lapasa kuulizwa na kila anayeomba msamaha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 210, yasema ya kuwa hakuna kodi itakayotozwa wala kuondolewa ila kwa mujibu wa sheria. Na pale sheria inaporuhusu kodi kuondolewa, iwepo kumbukumbu ya umma pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe. Maana yake ni hii: kodi anayoachiliwa mmoja ni mali ya wananchi wote, hata wa yule mama auzaye maziwa sokoni, ambaye hatasoma kitabu chetu kamwe. Yeye ndiye atakuwa mfadhili wetu bila kuombwa. Tukikubali fedha yake kisha tukaifungia kazi yetu kabatini, tutakuwa tumemwibia kwa njia ya halali, na huo ndio wizi mbaya kupita wote.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naomba kwa unyenyekevu Mkutano huu uyafikirie maazimio matatu. La kwanza, kikundi cha utafiti kitengwe na chama, kiwe amana isiyobatilishwa yenye wadhamini wake, miongoni mwao wawemo wasio wanachama wetu. La pili, chama kikipe kikundi hicho kile chumba cha mwisho na rafu zilizomo, kwa moyo mmoja na bila kurudi nyuma. Na ikiwa hatuko tayari kukiachilia, tuseme leo, tusiombe msamaha wowote. La tatu, kabla barua ya maombi haijapelekwa kwa Kamishna, daftari zilizokwisha kuandikwa zinakiliwe, na nakala zirudishwe kwanza kwa kila mzee aliyehojiwa, au kwa watoto wake ikiwa amefariki, kisha ziende shuleni.

Wazee wetu wa 1936 waliandika barua ndefu wakitaka Serikali iwatambue kwa jina waliloliona kuwa ni la heshima. Sisi hatuhitaji kubishania jina. Tutatambuliwa kwa kazi itakayoonekana, kwa hesabu zitakazosomeka, na kwa mlango wa chumba kimoja hapa Kiwanjani, jirani na kiwanja cha ndege, ambao utakuwa wazi kwa mtoto wa yeyote.